Mwanamke Anayekimbia na Hesabu ya Mwili Wake

Hotuba kwa vikundi vya wanawake wa mazoezi, makocha na wazazi wa wanariadha, Mbale, mashariki mwa Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa mtaa, maafande mliotoka kambini, makocha, mama zangu, dada zangu, na mabinti mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa sababu katika ukumbi huu wamo Wamasaba, Wasebei, Waiteso, Wanubi na wake wa askari waliotoka pande zote za nchi, na lugha inayotukalisha pamoja bila mkalimani ni hii. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika nyumba za askari, nikakijua Kiswahili kabla ya lugha ya mama yangu, na ukunga ndio kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko nyingine yoyote. Nitasema kama mkunga anavyosema, na yapo maneno ambayo kwa desturi zetu hayatajwi mbele ya wazee wa kiume. Naomba radhi mara moja sasa hivi, nisije nikawa naomba radhi kila baada ya sentensi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alikuja kwangu mama mmoja wa miaka 34, mfanyabiashara wa nguo, ambaye kila alfajiri hukimbia kutoka mjini hadi barabara ya Wanale, akaupanda mlima mpaka pumzi imwishie, akateremka, akafungua duka, na jioni akaenda jimu kunyanyua vyuma. Alilalamikia uchovu usiokwisha kwa usingizi, na maumivu ya mguu. Nilipomuuliza anakimbia kiasi gani, alitoa simu akanionyesha hatua zake za kila siku tangu Januari, siku baada ya siku, bila pengo. Nilipomuuliza alipata hedhi lini mara ya mwisho, alitazama dari, akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Sista, nadhani ilikuwa Pasaka."

Kipimo cha mimba kilisema hana mimba. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu asiyejali mwili wake. Alikuwa amehesabu miguu yake kwa uaminifu mkubwa na kusahau kuhesabu kile ambacho miguu ile ilikuwa ikikila. Hayo ndiyo yaliyonileta hapa: mazoezi yanapozidi chakula, mwili wa mwanamke hutoa taarifa mapema, na taarifa ile hutolewa kwa njia ya hedhi, nasi tumezoea kuipokea kama habari njema.

Sikuja kumkataza mtu kukimbia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mama mwenye shinikizo la damu au kisukari akiufuata mwongozo huo, nitampigia makofi. Lakini tuusome tukiwa hapa tulipo. Takwimu za shirika hilohilo zilizochapishwa mwaka 2018, zilizolinganisha nchi 168, ziliiweka Uganda miongoni mwa nchi ambazo watu wake huutumia mwili zaidi duniani. Watu wazima wasiofikia kiwango kinachotakiwa walikuwa takriban 6 tu katika kila 100. Nafasi hiyo hatukuipata kwa jimu. Tuliipata kwa jembe, kwa jerikeni la lita 20 kichwani na mtoto mgongoni, na kwa kutembea hadi sokoni na kurudi. Kwa hiyo mwanamke wa Mbale anapofunga kamba za viatu saa kumi na moja alfajiri ili aanze kilomita yake ya kwanza, mwili wake tayari una deni la jana.

Najua pia ni kwa nini mabinti wengi wako hapa. Mwaka 2005 kule Helsinki, Dorcus Inzikuru alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza kabisa duniani kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo. Mwaka 2019 Halimah Nakaayi akawa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Doha. Mwaka 2021 Peruth Chemutai, msichana wa mlima huu huu wetu, akaleta kutoka Tokyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kuwahi kupatikana na mwanamke wa Uganda. Ninawataja kwa fahari, wala sisemi kwamba yeyote kati yao alipata madhara ninayoyaeleza. Ninasema kwamba kwa kila mmoja aliyefika kule, wako mabinti wengi wanaokimbia nyuma yake kwa bidii ileile, wakiwa na sahani ndogo zaidi.

Sasa tufanye hesabu, na makocha mnifuate kwa makini. Chukueni mwanamke wa kilo 50, ambaye katika uzito huo kilo 10 ni mafuta na kilo 40 ni misuli, mifupa na viungo vingine. Ili moyo, ubongo, mifupa, kinga na uzazi vifanye kazi bila kunyang'anyana, anahitaji takriban kilokalori 45, yaani kipimo cha nguvu ya chakula, kwa siku kwa kila kilo ya zile 40, yaani 1,800, na hizo zihesabiwe baada ya kuondoa zilizotumika mazoezini. Zinazobaki zikishuka chini ya 30 kwa kilo, yaani 1,200 kwa siku, mwili huanza kufunga baadhi ya kazi zake. Mpaka huo si ukuta, kwa maana wako wanaovurugika kabla ya kuufikia, lakini unasaidia kuhesabu. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu kilokalori moja hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa hiyo kilomita 12 za asubuhi zinamgharimu mwanamke wetu 600. Ikiwa siku ile amekula chakula cha kilokalori 1,600, kwa kuwa asubuhi alikunywa chai kavu na usiku aliruka chakula ili tumbo lishuke, zinabaki 1,000. Zigawe kwa 40 mtapata 25. Na hapo sijaweka shamba, sijaweka maji ya kisimani, sijaweka mtoto anayenyonya.

Mwili unapokosa kiasi hicho hufanya kama mama mwenye watoto watano na mchuzi wa watoto watatu: humlisha anayelia. Moyo hulia, mapafu hulia, misuli inayopanda Wanale hulia kwa sauti kubwa. Uzazi haulii. Ndani ya ubongo, chini kabisa, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo hutuma ishara kwa tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha ovari. Nguvu ikipungua, ishara zile hupungua, yai halikomai, homoni ya estrojeni hushuka, hedhi huanza kukawia, kisha hukatika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba siku tano tu za kuishi chini ya kile kiwango cha 30 zilitosha kuvuruga ishara hizo kwa wanawake vijana wenye afya. Siku tano, ndugu zangu. Ni muda mfupi kuliko Kwaresima, mfupi kuliko wiki ya mwisho kabla ya mashindano ya shule.

Mtu ataniuliza, "Mbona mimi sijakonda?" Swali ni zuri, na jibu lake limewapotosha wengi. Mwili ulionyimwa hupunguza matumizi: tezi ya shingo hupunguza kasi, mikono na miguu huwa ya baridi, choo hukawia, na mizani husimama palepale kama kwamba hakuna kilichotokea. Hapo mwanamke hukata tamaa, akaongeza kilomita na kupunguza tena chakula. Mama wa duka la nguo hakuwa amepungua hata kilo mbili tangu Pasaka.

Nitakaa kidogo kwenye mifupa, kwa sababu hapa hasara haionekani na hairudi kwa urahisi. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa kila siku, na estrojeni ndiyo inayozuia wabomoaji wasiwashinde wajenzi. Sehemu kubwa ya mfupa tutakaoishi nao hadi uzeeni, takriban asilimia 90, huwa imewekwa kabla au karibu ya miaka 18. Msichana anayekosa estrojeni katika miaka hiyo anakosa kuweka akiba wakati pekee ambao akiba huwekwa. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani Barbara Drinkwater na wenzake waliwapima wanariadha wanawake ambao hedhi zao zilikuwa zimekatika, wenye umri wa wastani wa karibu miaka 25, wakakuta uti wao wa mgongo ulikuwa na uzito wa mifupa unaolingana na wa wanawake wa miaka 51. Wenzao waliokuwa wakipata hedhi kama kawaida hawakuwa na hasara hiyo. Wasomi wakaanza kuyatazama mambo matatu kwa pamoja, yaani nguvu isiyotosha, hedhi iliyovurugika na mifupa iliyodhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua mtazamo huo na kueleza kwamba upungufu wa nguvu huathiri pia moyo, kinga, tumbo, akili na hata utendaji uwanjani, na kwamba wanaume nao huupata. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani Mary Cain, aliyekuwa ametajwa kama kipaji kikubwa cha nchi yake akiwa bado shuleni, alieleza hadharani kwamba katika miaka ya kusukumwa apungue uzito alikosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Nchi yake haina uhaba wa maziwa wala wa madaktari.

Hapa kwetu nimemwona binti wa miaka 17 kutoka upande wa mlimani, anayesoma katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Alikuwa akikimbia asubuhi na jioni, akinywa uji mwembamba saa nne, akila posho, yaani ugali, na maharage mchana na usiku, na hajawahi kuona siku zake hata mara moja. Mama yake aliniambia bila kuficha kwamba alikuwa amefurahi, kwa kuwa aliona mtoto atamaliza shule bila mimba. Binti alikuwa na maumivu kwenye ugoko wa mguu wa kulia. Nilimwambia anionyeshe panapouma, naye hakupitisha kiganja juu ya mguu kama wafanyavyo wenye misuli iliyochoka. Aliweka ncha ya kidole kimoja mahali pasipozidi sarafu ya shilingi mia. Nilipomwambia aruke kwa mguu ule mmoja, aliruka mara moja tu akashika ukuta. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na kocha akachukua majibu yale kuwa ushahidi kwamba mtoto anadeka. Ufa wa mfupa unaotokana na mazoezi mara nyingi hauonekani kwenye picha katika wiki mbili au tatu za kwanza. Picha ya pili, baada ya wiki tatu, iliuonyesha wazi, lakini katika wiki zile tatu alikuwa ameambiwa akaze moyo, naye alikaza.

Kwa makocha nina ombi hapa, na nalisema kwa heshima. Maumivu ya sehemu ndogo, yanayozidi kwa kuruka, yanayomwamsha mtu usiku, yasipewe kocha ayatibu kwa maneno. Na maumivu ya kinena kwa mkimbiaji wa kike yamsimamishe siku hiyohiyo, kwa kuwa ufa ukiwa kwenye shingo ya mfupa wa paja unaweza kukatika kabisa, na hapo hatuzungumzii tena mashindano bali upasuaji.

Jambo la mimba nililigusa, ngoja nilimalize. Hedhi iliyokatika kwa mazoezi si uzazi wa mpango. Nguvu ikirudi, yai hutoka kwanza na hedhi hufuata wiki mbili baadaye, kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona dalili yoyote kwamba mlango umefunguka. Upande wa pili, wako wengi hapa wanaotumia sindano ya miezi mitatu. Sindano hiyo inaweza kuikata hedhi kwa kazi yake yenyewe, na hilo ni jambo linalojulikana, halitokani na njaa. Vidonge navyo huleta damu ya kila mwezi ambayo haitokani na yai. Wanaotumia njia hizo wamepoteza kipimo ninachokisifu, basi waangalie vingine: usingizi unaokatika, homa na mafua yasiyoisha, majeraha yasiyopona, baridi ya mikono, hasira za ghafla, na muda wa mbio unaorudi nyuma ingawa mazoezi yanaongezeka.

Damu nayo ina mambo yake. Mwanamke hupoteza madini ya chuma kwa hedhi. Mkimbiaji huongeza hasara kwa jasho na kwa chembe nyekundu zinazopasuka miguu inapopiga ardhi. Na baada ya mazoezi makali ini hutoa homoni inayozuia tumbo kufyonza chuma kwa saa kadhaa. Juu ya hayo, sisi tuna malaria na tuna minyoo ya safura. Mwanamke asiye na mimba ambaye himoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, iko chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na kumwambia aongeze mazoezi ili apate pumzi ni kumpiga punda aliyelala kwa njaa. Apimwe. Na ile chai tunayokunywa pamoja na chakula hukizuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa, kwa hiyo isubiri saa moja. Najua nimewaudhi.

Mengine nitayapitia haraka. Wanaojiandaa kwa mbio ndefu za Kampala wasinywe maji kwa kushindana: katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya mbio wakakuta asilimia 13 wamepungukiwa na sodiamu, yaani chumvi ya damuni, hasa waliokunywa sana, wakakimbia kwa zaidi ya saa nne na kumaliza wakiwa wameongezeka uzito. Kunywa unapoona kiu. Mtu aliyeanza jimu kwa pupa, kisha siku ya pili misuli ikavimba na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo, kwa sababu misuli iliyobomoka inaweza kuziua figo. Na mama ambaye mkojo humchuruzika anaporuka kamba au kunyanyua vyuma, ajue kwamba ni misuli ya nyonga iliyolemewa, mara nyingi baada ya uzazi, na kwamba ina mazoezi yake ya taratibu. Wengi huacha mazoezi kimyakimya kwa sababu hiyo, na waume zao hudhani wamekuwa wavivu.

Dawa yenyewe mnayo jikoni. Sitawaandikia unga wa makopo unaouzwa jimu. Mkimbiaji ale kitu kabla ya kutoka, hata kama ni ndizi moja au kikombe cha uji wa wimbi, na ale tena ndani ya saa moja baada ya kurudi, kabla ya kufungua duka. Matoke peke yake hayatoshi. Yawekewe karanga, maharage, mayai au mukene, wale dagaa wadogo. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga nzito, kama walivyopika bibi zetu wa Kimasaba, yana nguvu zaidi ya saladi ambayo binti ameiona kwenye simu ya mtu wa Ulaya, na nguvu hiyo inatoka kwenye karanga. Wiki iwe na siku moja kamili ya kupumzika, nayo isiwe siku ya kufua nguo za nyumba nzima. Waume mliomo humu, sehemu hiyo ilikuwa yenu.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu, ikichelewa kila mara kupita siku 35, au binti akifika miaka 15 bila kuiona, aende kituo cha afya. Wataanza na kipimo cha mimba, na wasionekane kwamba wanamtukana, ndivyo inavyotakiwa. Kisha damu, tezi ya shingo, na maswali ya chakula ambayo yajibiwe kwa ukweli. Mama wa duka la nguo hakuacha Wanale. Aliacha jimu ya jioni, akapunguza kilomita kwa nusu, akala chakula cha usiku kwa miezi minne akilalamika kwamba atanenepa, na mwezi wa pili mwaka huu alinitumia ujumbe wenye tarehe tu, bila neno lingine. Binti wa mlimani alipumzika wiki nane, na ufa umefunga. Hedhi yake bado hatujaiona, na hadi itakapokuja sitatia sahihi karatasi ya kumruhusu kushindana, hata wakinijia watu wa ngazi gani.

Mwenyekiti, kwenye meza ile kuna kalenda za bure, kila mwanamke achukue moja, na kila kocha wa wasichana achukue ya kumwonyesha mwalimu mlezi wa kike, kwa kuwa tarehe hizo si za kocha wa kiume kuziuliza mbele ya timu. Mabinti wa kule nyuma, naona mnacheka mkiwa mmeinama. Karatasi zinapita, andikeni maswali yenu bila jina, nami nitayasoma yote kabla ya chakula cha mchana.